Kalamu za Kukodi

Tunajua. Tusijifanye tumeshtuka.

Tunajua kwamba jina lililoandikwa juu ya makala ya kitabibu huenda si la mtu aliyeiandika. Tunajua kwamba mikataba mingi ya utafiti ina kifungu kinachompa mfadhili uwezo wa kuamua matokeo yatoke lini, yatoke vipi, au yasitoke kabisa. Tunajua kwamba mhariri wa jarida linaloheshimika anaweza kuwa na mwajiri wa jana na mwajiri wa kesho, na wote wawili wakawa kampuni ileile ambayo bidhaa yake inajadiliwa mezani kwake. Tunayajua haya yote, na tumejizoeza kuyajua bila kuyajali: tunanong'onezana kwenye korido, tunachekea kwenye chai ya saa nne, kisha tunarudi ofisini kutia sahihi. Funika kombe mwanaharamu apite, tunaambiana. Mwanaharamu hakupita. Kapewa ofisi, na siku hizi ni mjumbe wa kamati ya kupandisha vyeo.

Sina maneno na kampuni leo. Mfanyabiashara hutafuta faida, na hata akiitafuta kwa njia chafu, hakuwahi kumwahidi mtu yeyote kwamba atasema kweli hata ikimtia hasara. Ahadi hiyo tuliitoa sisi. Sisi tuliovishwa majoho mbele ya wazazi wetu, tukapigiwa vigelegele, tukashuka jukwaani na shahada mkononi. Sisi tunaoitwa daktari na profesa hata msibani, tunaotengewa kiti cha mbele hata harusini. Heshima ile tulipewa kwa sharti moja tu: tukisema jambo liko hivi, liwe hivyo. Sharti tumelivunja, na heshima bado tunaidai.

Nani alituuza? Tulijiuza wenyewe, na kwa bei ya kutupa.

Bei ipo kwenye maandishi. Mwaka 1965 chama cha wenye viwanda vya sukari Marekani, Sugar Research Foundation, kiliwaendea wanasayansi wa Harvard na dola 6,500. Kilitaka mapitio ya tafiti kuhusu sukari, mafuta na maradhi ya moyo. Kiliwaeleza shabaha yake, kikawapelekea makala za kupitia, kikazisoma rasimu kabla hazijatoka. Mapitio hayo yakachapishwa mwaka 1967 katika New England Journal of Medicine: sukari ikatoka humo imetakata, lawama zikaelekezwa kwenye mafuta, na jina la aliyelipa halikutajwa popote. Siri ilikaa hadi mwaka 2016, watafiti wa California walipozifukua barua za zamani na kuzichapisha. Wakati huo walioandika walikuwa wamekwishazikwa na sifa zao. Dola 6,500 kwa chuo kikuu kinachotamaniwa kuliko vyote duniani! Wakati mwingine udogo wa bei huniudhi kuliko dhambi yenyewe.

Mtaniambia hayo ni ya kale, na kwamba siku hizi kila mwandishi hutangaza maslahi yake mwishoni mwa makala. Haya, tusogee.

Novemba 2000 jarida lilelile lilichapisha utafiti wa Vioxx, dawa ya maumivu ya viungo iliyotengenezwa na Merck. Mashambulio matatu ya moyo yaliyokuwa yanajulikana kabla ya kuchapishwa hayakuwamo kwenye makala. Jarida liliyatangaza hadharani Desemba 2005, zaidi ya mwaka mmoja baada ya Merck yenyewe kuiondoa dawa sokoni mwezi Septemba 2004. Katikati ya miaka hiyo jarida liliuza nakala za makala ile zaidi ya 900,000, na mnunuzi mkubwa alikuwa Merck, ili zigawiwe kwa madaktari kama ushahidi wa kisayansi. Mwaka 2007 Merck ikakubali kulipa dola bilioni 4.85 kumaliza kesi za waliougua na za familia za waliokufa. Na zile fedha za nakala 900,000? Zilikwisha kuingia. Zilihesabiwa kama mapato, na mapato ya jarida la kisayansi hayaoni haya.

Kama hilo halitoshi, mwaka 2009, kesi ya dawa hiyohiyo ikisikilizwa Melbourne, ulimwengu ulikuja kujua kwamba Elsevier, mchapishaji mkubwa kuliko wote wa majarida ya sayansi, alikuwa amechapisha kitu kilichoitwa Australasian Journal of Bone and Joint Medicine. Kilikuwa na jalada la jarida, bodi ya wahariri ya jarida, mpangilio wa jarida. Kililipiwa na Merck, na ndani yake mlikuwa na makala zilizokusanywa kutoka kwingine, nyingi zikizisifu bidhaa zake, na msomaji hakuambiwa nani kalipa. Elsevier akakiri kwamba tawi lake la Australia lilitoa machapisho sita ya namna hiyo kati ya mwaka 2000 na 2005. Akasema haikubaliki. Tukaitikia kwa kichwa. Kisha tukarudi kumpelekea makala zetu, tukiomba kwa unyenyekevu azipokee.

Hatukuacha hata mwezi mmoja.

Nataka tukae zaidi Toronto, kwa sababu huko ndiko uso wetu ulikoonekana bila kitambaa. Nancy Olivieri, daktari wa magonjwa ya damu katika Hospital for Sick Children, alikuwa akiifanyia majaribio deferiprone, dawa ya kuondoa madini ya chuma yanayojilimbikiza mwilini kwa wagonjwa wa thalasemia, ambao wengi wao ni watoto wanaoishi kwa kuongezewa damu. Mfadhili mmojawapo alikuwa kampuni ya Apotex. Daktari akaanza kuona kwamba kwa baadhi ya wagonjwa dawa inapoteza nguvu. Alifanya lile ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelifanya: aliipelekea taarifa kamati ya maadili ya hospitali, nayo ikamwelekeza awaambie wagonjwa. Mei 1996 Apotex ikasimamisha majaribio na kumtahadharisha kwamba akisema neno watakutana mahakamani, maana katika mkataba wa mwaka 1993 alikuwa ametia sahihi kifungu cha usiri. Alisema. Mwaka 1998 akachapisha alichokiona.

Mpaka hapo hadithi ni ya kampuni na daktari, na kampuni imetenda kama tulivyoizoea. Sasa tazameni wasomi wakiingia. Chuo Kikuu cha Toronto kilikuwa katika mazungumzo na Apotex kuhusu msaada wa mamilioni ya dola kwa ajili ya majengo. Mkuu wa chuo hicho alifikia hatua ya kuiandikia serikali ya Kanada barua ya kuipigania kampuni katika suala la kanuni za hataza za dawa. Baadaye aliomba radhi. Hospitali ilimvua daktari uongozi wa programu yake Januari 1999, ikamrudishia baada ya wanasayansi wa nje kupiga kelele. Na katika siku hizohizo zikaanza kusambaa barua zisizo na jina, za matusi, zikimchafua yeye na waliomuunga mkono. Zilifuatiliwa. Vipimo vya vinasaba vikamfikisha mwandishi wake mahali pa kukiri: alikuwa daktari mwenzake wa hospitali ileile, mtafiti mwenzake katika kazi ileile.

Hizo barua hazikuandikwa na wakili wa kampuni. Ziliandikwa na mwenzetu.

Wapo wanaosema, kwa sauti ya kumaliza mjadala, kwamba deferiprone ilikuja kusajiliwa Ulaya na hata Marekani, na kwamba wapo wagonjwa wanaoitumia hadi leo. Ni kweli, na haibadilishi kitu. Mzazi anayemshika mtoto wake mkono wakati sindano inaingia ana haki ya kujua daktari ameona nini. Haki hiyo haingojei usajili. Tume huru iliyoundwa na chama cha walimu wa vyuo vikuu vya Kanada ilisema hivyo mwaka 2001, katika ripoti ndefu ambayo kila mkuu wa chuo amewahi kusikia habari zake na wachache sana wameifungua.

San Francisco napita haraka, kwa kuwa kisa ni kilekile kikiwa kimevaa nguo nyingine. Betty Dong wa Chuo Kikuu cha California aligundua kwamba dawa za tezi za bei nafuu zinafanya kazi sawasawa na Synthroid ya bei ghali. Utafiti ulikuwa umelipiwa na watengenezaji wa Synthroid, na mkataba ulisema hakuna kuchapisha bila idhini yao ya maandishi. Makala ilikuwa tayari imepangwa kutoka Januari 1995 ilipoondolewa. Ilitoka Aprili 1997. Miaka yote hiyo wagonjwa waliendelea kulipia jina la dawa, na chuo kikubwa namna ile hakikuwa na ubavu wa kumwambia mtafiti wake: chapisha, tutasimama nawe.

Sasa nyumbani, ingawa kisa kinaanzia Ufaransa. Nawaona baadhi yenu mmekaa kwa raha mkidhani haya ni ya Wazungu.

Septemba 2012 Gilles-Éric Séralini wa Chuo Kikuu cha Caen, Ufaransa, alichapisha katika jarida la Food and Chemical Toxicology utafiti wa miaka miwili wa panya 200 kuhusu mahindi ya GMO (yaliyobadilishwa vinasaba) ya kampuni ya Monsanto na dawa yake ya kuua magugu ya Roundup, ileile inayouzwa katika maduka yetu ya pembejeo. Picha za panya wenye uvimbe mkubwa zilizunguka dunia. Novemba mwaka huohuo Baraza la Mawaziri la Kenya likapiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO, na utafiti huo ulikuwa kati ya sababu zilizotajwa. Marufuku ilikaa hadi Oktoba 2022. Kwa miaka kumi, basi, sera ya chakula ya taifa zima ilikuwa na mguu mmoja juu ya makala moja.

Na makala yenyewe? Nasema bila kuuma maneno: ilikuwa dhaifu. Vikundi vilikuwa vya panya kumi kumi, na panya hao ni wa aina inayojulikana kuota uvimbe kwa urahisi inapozeeka. Mwanafunzi wangu angeileta hivyo ningemrudisha maabara. Aibu nyingine ni kwamba waandishi wa habari walioonyeshwa makala mapema walitakiwa kwanza watie sahihi kwamba hawataiuliza kwa wanasayansi wengine. Yaani hata aliyejiita mpinzani wa kampuni alitumia silaha ya kampuni: kifungu cha kunyamazisha. Mashabiki wake hawakuona ubaya, kwa sababu safari hii waliozibwa midomo ni wale wasiowapenda.

Lakini fuatilieni kilichokuja baadaye. Mapema mwaka 2013 jarida likamteua mhariri mshiriki wa masuala ya bioteknolojia, profesa ambaye kati ya mwaka 1997 na 2004 alikuwa mwajiriwa wa Monsanto. Novemba mwaka huo makala ikaondolewa. Mhariri mkuu alisema hakuona udanganyifu wala upotoshaji wa makusudi. Alisema tu kwamba matokeo hayakuwa yenye kukata shauri. Jarida likasema yule mhariri mshiriki hakuhusika. Mwaka 2017 nyaraka za kesi dhidi ya Monsanto huko Marekani zikafichua makubaliano ya ushauri kati ya Monsanto na mhariri mkuu huyo, ya tarehe ya Agosti 2012. Alijitetea kwamba wakati wa kuiondoa makala hakuwa chini ya mkataba, na kwamba malipo aliyapokea baada ya kuondoka jaridani. Huenda ni hivyo. Mwenye duka anayechezea mizani akiambiwa na mteja kwamba mizani haisomi sawa, humjibu vivyo hivyo: mimi sikuigusa leo.

Na kama kigezo cha kuondoa makala ni kutokata shauri, basi na tuingie maktaba na toroli, maana nusu ya rafu itabaki tupu. Kwa nini kigezo hicho kiligundulika siku ileile kilipohitajika?

Pimeni na hii. Mwaka 2000 jarida la Regulatory Toxicology and Pharmacology lilichapisha mapitio marefu yaliyosema Roundup na kiini chake, glaifoseti, havina hatari kwa binadamu. Majina matatu ya wanasayansi wa nje ya kampuni yalikuwa juu yake. Wadhibiti wa nchi nyingi waliitegemea, walimu wakaifundisha, wauza pembejeo wakatulizwa nayo. Katika nyaraka zilezile za mwaka 2017 ikaonekana barua pepe ya mwaka 2015 ya ofisa wa Monsanto akipendekeza kwamba makala nyingine iandikwe na kampuni yenyewe, wanasayansi wahariri tu na kutia majina yao, na akakumbusha kwamba ndivyo walivyofanya kwa ile ya mwaka 2000. Kampuni ilikana kwamba iliiandika. Jarida liliiondoa makala hiyo mwishoni mwa mwaka 2025.

Moja iliondolewa baada ya miezi 14, nyingine baada ya miaka 25.

Na kwetu? Katika miaka yote ya mabishano ya GMO tulikuwa wapi, sisi wenye uwezo wa kusoma jedwali? Tulikuwa uwanjani, kila mtu na jezi yake. Waliotaka marufuku walimkumbatia Séralini bila kuuliza panya walikuwa wangapi. Waliotaka mbegu walishangilia makala ilipoondolewa bila kuuliza nani kaiondoa na kwa kigezo gani. Mkulima wa Trans Nzoia na mama wa Gikomba anayenunua unga kwa kipimo walitutazama tukirushiana majina ya majarida, wakidhani tumeyasoma. Kosa hilo silitwiki kampuni wala serikali. Ni letu.

Nije kwenye mfuko. Mwaka 2010 kitengo cha sayansi cha Elsevier kilipata faida ya pauni milioni 724 kutokana na mapato ya pauni bilioni mbili na kidogo, yaani asilimia 36. Biashara gani nyingine hupewa malighafi bure, ikakaguliwa bure na wataalamu, kisha ikawauzia bidhaa watu walewale walioitengeneza? Utafiti unalipiwa na kodi za wananchi au na mfadhili. Makala inaandikwa na mhadhiri usiku. Wahakiki wanaisoma bila senti. Halafu maktaba ya chuo chake inaambiwa ilipe ili aisome. Ilipokuja lugha tamu ya kwamba usomaji uwe huru kwa wote, lango lilihamishwa tu kutoka kwa msomaji kwenda kwa mwandishi: Nature lilipofungua mlango huo mwaka 2021 lilitaja ada ya hadi yuro 9,500 kwa makala moja. Mhadhiri wa Morogoro au Eldoret azitoe wapi? Atazitoa kwa mfadhili. Na mfadhili ataomba, kwa adabu tu, kuiona rasimu.

Hapo ndipo uhuru wa kitaaluma unapokatwa siku hizi, bila polisi wala ving'ora.

Aprili 1990 vyama vya wanataaluma wa vyuo vya elimu ya juu Tanzania vilipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Novemba mwaka huohuo wasomi wa Afrika wakakutana Kampala wakapitisha la kwao. Hofu kubwa ya wakati ule ilikuwa dola: mhadhiri anayekamatwa, chuo kinachofungwa, pasipoti inayochukuliwa. Walikuwa na sababu, na hofu hiyo haijaisha. Lakini angalieni kichwa cha Azimio la Dar es Salaam: uhuru, na wajibu. Sisi warithi wao tumeubeba uhuru mabegani kama bendera, wajibu tukauacha ukumbini. Serikali ikigusa utafiti wetu tunatoa tamko kabla ya jua kuzama. Mfadhili akiufungia utafiti huohuo kabatini, tunamwandikia barua ya kumshukuru.

Mnataka orodha? Mkuu wa idara ambaye hajawahi kuona sampuli, na jina lake ni la pili. Msimamizi anayechapisha tasnifu ya mwanafunzi wake na kumtaja kwenye shukrani. Ripoti ya ushauri elekezi ambayo ni mali ya mteja, na iliyobeba takwimu za maji ya kunywa ya kijiji ambacho hakitaziona. Daktari anayehudhuria semina ya hotelini ya kampuni ya dawa, akarudi zahanati na kalamu, mkoba na mkono mpya wa kuandika cheti cha dawa. Mhadhiri anayelipa dola kadhaa kwa jarida linalokubali makala kwa siku nne, kwa sababu cheo kinahesabu idadi. Kamati ya cheo inayojua jarida hilo ni la uongo, ikahesabu, kwa sababu nusu ya wajumbe walipitia mlango huohuo. Hakimu gani atamhukumu mwizi ambaye wamegawana naye?

Dunia inatujua kwa hili, na imetucheka hadharani. Mwaka 2013 mwandishi wa jarida la Science, John Bohannon, alitunga makala ya kisayansi ya uongo yenye makosa ya wazi, akaituma kwa majarida 304. Yaliyoikubali ni 157. Mengine kati ya hayo yalikuwa ya wachapishaji wakubwa kabisa, kwa hiyo asije mtu akasema ni tatizo la vichochoroni. Lakini aliwapaje majina waandishi wake wa kubuni? Aliwapa majina yenye sura ya Kiafrika, na taasisi zisizokuwapo katika miji yetu. Mojawapo aliiweka Asmara. Alieleza sababu: mhariri akitafuta chuo hicho mtandaoni asikione, asishtuke. Someni tena sababu hiyo. Mtu alitaka kujificha, akaona pango lisilochunguzwa na yeyote ni jina la msomi wa Afrika. Tulikasirika, na tulikuwa na haki. Tungekuwa na haki zaidi kama wiki hiyohiyo tungetazama orodha za machapisho ya walimu wetu.

Hatukutazama.

Najua mtajibu nini, maana majibu haya nimeyasikia mpaka nayaimba. Mkono mtupu haulambwi. Serikali haitoi fedha za utafiti, tufanyeje? Bila mfadhili hakuna kemikali, hakuna mafuta ya gari la kwenda kijijini, mwanafunzi wa uzamivu anakaa miaka saba. Ni kweli, kila neno. Ukata ni wa kweli na serikali zetu zina hesabu yao ya kujibu. Lakini Harvard haikuwa na njaa. Toronto haikuwa na njaa. Waliouza bei rahisi kuliko wote walikuwa wameshiba. Kwa hiyo msiniambie ni njaa; njaa ni kisingizio tulichokikopa ili dhambi ya matajiri itukae vizuri mwilini.

Wengine hujibu kwa upole zaidi: mimi sikughushi namba hata moja. Huenda. Wewe ulinyamaza tu. Ulikuwa mhakiki, ukaona jedwali haliendani na ikisiri, ukaandika "irekebishwe kidogo" kwa sababu mwandishi ndiye atakayeketi kwenye jopo la ruzuku yako. Ulikuwa mjumbe wa kamati ya maadili, ukaona kifungu cha usiri, ukapitisha kwa sababu kikao kilikuwa kimerefuka na posho ilikuwa haijasainiwa. Ulikuwa katika chumba wakati mwenzako anaambiwa aondoe aya moja, ukaangalia simu. Hesabu ya namba zilizoghushiwa ni ndogo. Hesabu ya waliokuwamo chumbani ni kubwa mno, na sisi sote tumo, mimi mwandishi nikiwamo.

Wagonjwa wa Vioxx hawakuwa chumbani. Watoto wa thalasemia hawakuwamo. Mnyunyiziaji wa dawa ya magugu kule Mbarali, mwenye bomba mgongoni na miguu mitupu ndani ya maji ya mpunga, hajui kama kuna jarida linaloitwa Regulatory Toxicology and Pharmacology. Alimwamini mwuza duka, mwuza duka akaamini karatasi ya maelezo, karatasi ikaamini wadhibiti, wadhibiti wakaamini majina matatu. Mwisho wa mnyororo huo wote alisimama msomi mwenye kalamu, na hakuna aliyekuwa nyuma yake wa kumuuliza.

Tusidanganyane kwamba dawa ni warsha nyingine ya maadili, yenye chakula cha mchana na mabango ya mfadhili ukutani. Kinachotakiwa kinajulikana na hakina gharama. Mkataba wowote wenye kifungu cha kuzuia kuchapisha usipitishwe na chuo, hata ukija na jengo. Data za majaribio zikae mahali ambapo mwingine anaweza kuzipima. Jina la asiyefanya kazi litoke kwenye makala, hata kama ni la mkuu. Kamati ya cheo isome makala tatu badala ya kuhesabu thelathini. Mkuu wa chuo atangaze kila shilingi ya kampuni, na kilichoombwa kwa malipo yake. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji bajeti ya serikali. Yanahitaji mtu wa kwanza kusema hapana kikaoni, na wa pili atakayesema "namuunga mkono" kabla ukimya haujakaa.

Huyo wa pili ndiye adimu. Mhadhiri kijana akikataa leo kutia sahihi, kesho ratiba yake ya vipindi itabadilika, safari yake ya mkutano itakwama kwa mhasibu, na faili lake la kupanda cheo litakosekana kwenye droo. Wenzake watamsifu chooni na kumkwepa kwenye ngazi. Olivieri, pamoja na mikiki yote ile, alikuwa na wenzake wanne waliosimama naye kwa majina yao, hadharani, mwaka hadi mwaka, wakatukanwa naye. Wanne, katika hospitali nzima iliyopakana na chuo kikuu kizima.

Kwenye idara yako utawapata wangapi? Wataje.